Mchele huu ni wa Kyela kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu blokicheni na kufuatilia chakula

Maswali haya yametoka kwa watu wa kila aina: wenye maduka ya nafaka Tandale na Manzese, akina mama lishe, vijana wa programu wanaotaka kutuuzia mifumo, na shangazi yangu wa Temeke ambaye hajaridhika bado na jibu lolote. Mimi nilianza kama karani wa stoo, sasa nasimamia kumbukumbu kwenye kampuni ndogo ya kufungasha mchele na unga hapa Dar es Salaam. Tumejaribu kufuatilia mchele kutoka shambani hadi kwenye pakiti kwa kutumia blokicheni. Kuna yaliyokubali na kuna yaliyotuaibisha, na yote nimeyaweka humu.

Blokicheni ni nini, kwa mtu asiye na muda?

Umewahi kukaa kwenye kikoba? Basi nusu ya kazi umeshaimaliza. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Tena kwenye vikundi vingi, kabla watu hawajatawanyika, salio linasomwa kwa sauti na wanachama wanalikariri. Wiki ijayo kikao kinaanza kwa swali: tuliishia shilingi ngapi? Katibu akija na namba yake mwenyewe, anazomewa na kikao kizima.

Blokicheni ni hilo salio la kukariri, ila wanaokariri ni kompyuta. Kila mshiriki ana nakala yake ya daftari. Kumbukumbu zinafungwa pamoja kwenye bloki, na kila bloki inapigiwa hesabu inayotoa namba ndefu inayoitwa heshi. Heshi ya bloki ya leo inaandikwa ndani ya bloki inayofuata. Ukirudi nyuma ukageuza magunia 40 yawe 45, heshi ya bloki ile inabadilika, hailingani tena na ile iliyokwisha kuandikwa mbele yake, na mnyororo wote kuanzia hapo unakukataa. Nakala za wenzako nazo bado zinasema 40.

Ni hayo tu. Anayekueleza blokicheni kwa zaidi ya dakika tano, angalia mkono wake wa pili umeshika nini.

Kwa hiyo ni Bitcoin?

Hapana. Bitcoin, sarafu ya mtandaoni iliyoanza Januari 2009, ndiyo iliyoipa blokicheni jina, lakini mifumo mingi ya chakula haina sarafu ndani yake. Mingi imejengwa juu ya programu huria kama Hyperledger Fabric, ambamo wanaoingia ni wanachama wanaojulikana kwa majina na kila mmoja ana ruhusa zake. Nalirudia hili kwa sababu Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuzuia matumizi ya sarafu za mtandaoni, na tangu hapo wafanyabiashara wengi wakisikia neno blokicheni wanadhani wanaingizwa kwenye upatu. Kuandika kwamba gunia limepokelewa saa nne asubuhi hakuhitaji sarafu yoyote. Akija mtu mwenye mfumo wa kufuatilia chakula anaokutaka kwanza ununue tokeni, msindikize hadi getini.

Kuna mahali imefanya kazi kweli, au ni maneno ya semina?

Ipo. Mfano unaotajwa kila semina ni wa Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, iliyoanza majaribio na IBM mwaka 2016. Walichukua pakiti ya maembe yaliyokatwa wakawaambia wafanyakazi wao watafute yametoka shamba gani. Kwa simu, barua pepe na makaratasi ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Walipokuja kuuliza mfumo wa blokicheni, jibu lilitoka kwa sekunde 2.2.

Watu wanaishia hapo, wanapiga makofi. Lakini hizo sekunde 2.2 ni za kutafuta tu. Kazi ya kukusanya ilikuwa imeshafanywa huko nyuma na wakulima, wafungashaji na madereva, mmoja mmoja, kila mzigo ulipobadilisha mikono. Ukiondoa kazi yao, mfumo utakujibu kwa sekunde 2.2 zilezile kwamba hakuna kitu.

Sababu ya haraka yenyewe ilionekana mwaka 2018. Letusi ya aina ya romaine kutoka eneo la Yuma, Arizona, ilikuwa na bakteria wa E. koli, watu 210 wakaugua na 5 wakafa. Kwa kuwa haikujulikana upesi ni mashamba gani, watu waliambiwa wasile letusi yoyote ya aina ile iliyotoka eneo lile. Mwenye shamba safi akamwaga mzigo wake sawa na mwenye shamba chafu. Mwaka huohuo Walmart iliwaambia wauzaji wake wa mboga za majani waingie kwenye mfumo, mwisho Septemba 2019.

Na imeshindwa vilevile. TradeLens, mfumo wa blokicheni wa kufuatilia makontena uliojengwa na Maersk, kampuni ya meli za mizigo, na IBM, ulitangazwa kufungwa Novemba 2022. Teknolojia haikuwa na ubaya mkubwa, ila washindani wa Maersk hawakuwa na hamu kubwa ya kuandika biashara zao kwenye daftari lililoanzishwa na Maersk. Jambo hilo mtu yeyote wa Kariakoo angewaambia bure.

Nikinunua mchele wenye msimbo wa QR, nina hakika ni wa Kyela?

Hili ndilo swali la shangazi. Jibu fupi: huna.

Nieleze kwa nini. Mpunga unavunwa Kyela, unakobolewa mashine ya hukohuko au Mbeya, unapakiwa kwenye fuso, unapita Makambako, Iringa, unashuka Kitonga, unaingia Morogoro, unafika Dar. Safari yote hiyo mchele uko ndani ya gunia lililoshonwa. Mchezo wenyewe unachezwa hapa mjini. Niliwahi kusimama kwenye stoo moja saa kumi alfajiri nikisubiri mzigo wetu. Vijana wawili walitandika turubai sakafuni, wakamimina magunia mawili ya mchele mrefu wenye kunukia, wakamimina juu yake magunia matano ya mchele mwingine mfupi, mweupe, usio na harufu. Wakachukua koleo, wakageuza kama wanaochanganya zege, mpaka huwezi kuona mpaka. Pembeni kulikuwa na bunda la mifuko mipya mitupu, imechapwa tayari jina la Kyela kwa wino wa kijani. Nusu saa, mifuko ikashonwa. Mwenye stoo alinikuta nimeduwaa, akaniambia, "Dada, mteja wa Dar anataka harufu, hataki bei ya harufu."

Sasa weka msimbo wa QR juu ya mifuko ile. Ukiuskani utakuonyesha jina la kijiji, picha ya mkulima akitabasamu, na tarehe ya mavuno. Yote yanaweza kuwa ya kweli, na mchele usiwe wenyewe. Blokicheni inalinda maandishi yasibadilishwe. Kilichomo ndani ya gunia haikioni, haikionji, haikinusi. Penye gunia lililofunguliwa, daftari limekatika, hata kama kwenye kompyuta linaonekana zima.

Kwa hiyo usiulize kama pakiti ina blokicheni. Uliza gunia lilifunguliwa wapi, nani alikuwepo, na lilipimwa kilo ngapi kabla na baada.

Sasa ina faida gani kama haimzuii mwongo?

Inamlazimisha aweke jina, tarehe na kilo. Na kilo ni kitu kigumu sana kudanganya kwa muda mrefu.

Mpunga ukikobolewa, mashine nzuri hutoa mchele wa asilimia 60 na ushee, ikizidi sana 70, kinachobaki ni pumba na maganda. Kwa hiyo tani 10 za mpunga haziwezi kuzaa tani 9 za mchele. Mwenye mashine akiandika ameingiza tani 10 na ametoa tani 6.4, tunapumua. Msambazaji wa Dar akiandika kwamba kutoka kwenye hizo tani 6.4 ameuza tani 11 za "Kyela halisi", hesabu inapiga kelele yenyewe bila mkaguzi kuondoka kwenye kiti. Zamani angemalizana na karani, ukurasa ukachanwa, mambo yakaisha. Kwenye daftari la pamoja mwenye mashine ana nakala, mwenye ghala ana nakala, mnunuzi ana nakala. Kuwashawishi wote watatu wachane ukurasa uleule ni gharama kuliko faida ya kuchanganya mchele.

Hapo ndipo lumbesa inapotusumbua. Ukinunua kwa gunia lenye kilemba badala ya kununua kwa kilo, huna namba ya kuanzia. Unaandika magunia 40 yameingia, yanatoka magunia 52, na kila mtu ana maelezo mazuri. Ndiyo maana kwetu kitu cha kwanza kununuliwa kilikuwa mizani, kabla hata hatujaongea na mtu wa programu.

Je, kuna siku mfumo wenu ulidanganywa?

Ndiyo, na sijapenda kuikumbuka.

Gari lililobeba mzigo wetu liliharibika njiani usiku, kabla ya Mikumi. Dereva akafaulisha mzigo kwenye lori jingine lililokuwa na mchele wa mtu mwingine. Lakiri za plastiki zilizofunga turubai zilikatwa, zikafungwa nyingine. Dar mzigo ulipofika, karani wa zamu alikuta namba za lakiri hazifanani na za kwenye fomu. Alikuwa na foleni ya magari matatu nyuma. Akaandika kwenye simu namba za kwenye fomu, siyo zilizokuwa mbele ya macho yake, ili mfumo ukubali.

Mfumo ukakubali. Heshi safi, saa kamili, alama ya kijani. Ukiuangalia hadi leo unasema mzigo haukuguswa kutoka Mbeya hadi Dar.

Aliyetuokoa ni kijana mbeba mizigo. Alishusha mfuko wa nne au wa tano, akaugeuza, akaniita. "Dada, mifuko yetu si inashonwa na uzi mweupe? Huu mbona wa bluu?" Tulishusha wote tukatenga. Mifuko kumi na minne haikuwa yetu.

Karani hatukumfukuza, maana kosa lilikuwa letu. Tulimpa mfumo unaokubali jibu moja tu, na hakuwa na mahali pa kuandika "namba hazifanani, sababu hii hapa". Sasa pana kitufe hicho, na kinahitaji picha ya lakiri iliyopigwa palepale. Kinatumika mara nyingi kuliko tulivyodhani. Barabara ya Mbeya ina mambo yake.

Kwa nini msitumie tu mfumo wa kawaida wa kompyuta? Au Excel?

Mara nyingi ndivyo unavyotakiwa kufanya. Kama shamba ni lako, mashine yako, gari lako na duka lako, blokicheni haikusaidii kitu, unajikagua mwenyewe. Na kama kuna mamlaka moja inayosimamia wote, hiyo mamlaka inaweza kushika daftari. Tazama stempu za kodi za kielektroniki kwenye maji ya chupa, soda na bia: unafungua Hakiki Stempu kwenye simu, unaskani, unajibiwa. Msimamizi ni TRA, hakuna wa kushindana naye.

Blokicheni inaanza kuwa na maana pale pana watu watano wanaofanya biashara pamoja, hawaaminiani, na hakuna mmoja ambaye wengine wanne watakubali ashike daftari peke yake. Mkulima haamini mizani ya mnunuzi. Mnunuzi haamini kipimo cha unyevu cha mkulima. Mwenye ghala haaminiwi na wote wawili. Ukiitazama biashara ya nafaka ya Tanzania, hali hiyo si ngeni.

Sumukuvu je? Blokicheni inaweza kuizuia?

Kuizuia, hapana. Sumukuvu inatengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, na inazuiwa kwa kukausha upesi, kutoanika kwenye udongo, na kuhifadhi pakavu. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 walikufa. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Chakula kile hakikupita sokoni wala kwenye lori la mtu, kwa hiyo hakuna daftari ambalo lingekiona. Naomba vijana wanaokuja na mifumo ya "kutokomeza sumukuvu kwa blokicheni" walifikirie hili usiku kabla ya kulala.

Inapokuja biashara, habari inabadilika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane mahindi yamelimwa wapi. Cheti cha karatasi unakijua. Kinapigwa kopi, kinabadilishwa tarehe, kinasafiri na mzigo wa tatu. Heshi ya cheti ikiwekwa kwenye daftari la pamoja siku maabara ilipokitoa, pamoja na namba ya bechi na kilo zake, cheti cha tani 30 hakiwezi kubeba tani 90.

Bado kuna mtego. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye mzigo, inaweza kujaa kwenye kona moja ya gunia moja. Anayechota sampuli kwenye magunia mawili ya mbele, yaliyo karibu na mlango, atapata cheti kizuri cha mzigo mbaya. Sisi siku hizi tunaandika kwenye mfumo sampuli ilichukuliwa kwenye magunia mangapi na nani alishika bomba la kuchotea. Maabara hawakupenda mwanzoni.

Mimi nachukua samaki Feri alfajiri. Hii inanihusu?

Haikuhusu. Samaki ananadiwa kumi na mbili, saa saba yuko kwenye sahani ya mtu Kinondoni. Barafu na maji safi vitakufaa zaidi.

Inawahusu wanaouza nje. Wenye viwanda vya sangara Mwanza wanajua, maana mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za watu kuvua kwa sumu, na nchi zote tatu zikaumia kwa makosa ya wachache. Baadaye sheria ya Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 ikaweka kanuni ya hatua moja nyuma na hatua moja mbele: kila mfanyabiashara ajue amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Kanuni hiyo unaweza kuitimiza kwa daftari la shilingi elfu mbili, ukiliandika kila siku.

Mnunuzi wa kahawa wa Ulaya anadai kodineti za mashamba. Ni lazima niwe na blokicheni?

Si lazima. Sheria anayoizungumzia ni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji misitu. Kahawa na kakao zimo. Inataka ijulikane kila shamba liko wapi na kwamba halikufyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Shamba dogo linatosha kwa alama moja ya kodineti, linalozidi hekta 4 linachorewa mipaka yake yote. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawasubiri. Neno blokicheni si sharti la sheria hiyo.

Shida ya vyama vyetu vya msingi iko kwingine. Kahawa ya wanachama mia nne inaletwa kwa debe na kiroba, inamwagwa chungu kimoja, na kuanzia hapo kila punje ina mashamba mia nne. Ama unatenga, ama unatangaza mashamba yote mia nne kwa kila kontena, na likipatikana shamba moja lenye dosari kontena zima liko matatani. Uamuzi huo unafanywa kwenye sakafu ya ghala kabla kompyuta haijawashwa.

Mkulima hana simujanja. Anaingiaje?

Kwa karani wa chama, mzani, na ujumbe mfupi wa kawaida unaomfikia palepale: "Umepokelewa kilo 86." Ujumbe huo ni muhimu kuliko programu nzima. Mkulima aliyeona 86 kwenye mzani na akapokea 81 kwenye simu hataondoka hapo. Huyo ndiye mkaguzi wako, na yuko kazini bila mshahara.

Mtandao ukikatika, karani anaandika kwenye simu yake na mfumo unatuma baadaye. Hakikisha unatunza saa mbili, ya kupima na ya kutuma. Ukitunza moja tu, siku ya ugomvi utajuta.

Mimi ni dalali. Mnataka kuniondoa?

Wapo wanaotaka, nawajua, na huwa wanashindwa msimu wa kwanza. Dalali mzuri anajua ni kijiji gani kimepata mvua, ni lori gani linarudi tupu, na nani hulipa kwa wakati. Hayo hayako kwenye mfumo wowote.

Ninachokuambia bila kukuficha ni kwamba ukiingia kwenye daftari, bei ya kununua na bei ya kuuza zinaweza kuonekana na watu usiowataka, mfumo ukijengwa vibaya. Kabla hujaweka dole gumba uliza nani anaona bei. Kwenye mifumo ya wanachama wanaojulikana inawezekana kabisa kilo zikaonekana na wote, bei wakaiona wawili tu waliouziana. Asiyeweza kukuonyesha hilo kwenye skrini, hana.

Taarifa hizi zitafika TRA?

TRA ina mamlaka kisheria ya kudai kumbukumbu za biashara, ziwe kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Blokicheni haiongezi wala haipunguzi hapo. Inapunguza tu uwezekano wa kusema daftari liliungua.

Jina na namba ya mkulima vikishaingia, vinaweza kufutwa?

Visiingie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na daftari lisilofutika halipatani na haki hizo. Majina, namba za NIDA na simu vikae kwenye hifadhi ya kawaida inayoweza kurekebishwa. Kwenye mnyororo iende heshi tu.

Karani akikosea namba?

Haifutwi. Unaandika ingizo jipya la kurekebisha, kama wahasibu wafanyavyo tangu zamani. Wetu aliwahi kuandika kilo 2,300 badala ya 230. Yapo yote mawili mpaka leo, na jina lake pembeni. Tunamtania bado.

Msimbo wa QR unaweza kughushiwa?

Kwa kopi ya shilingi mia. Kampuni inayochapa msimbo mmoja kwa mifuko yake yote imechapa pambo. Kila pakiti ikiwa na msimbo wake, angalau mfumo unaweza kuona pakiti ileile imeskaniwa Mbagala na Tegeta ndani ya dakika kumi, ukajua moja ni ya bandia. Na hata hapo kuna anayeokota mifuko mitupu yenye misimbo halali. Kwetu msimbo uko mahali ambapo mfuko lazima uchanike ili ufunguliwe.

Msimbo milia unaoanza na 620 maana yake chakula ni cha Tanzania?

Hapana. Maana yake mwenye msimbo amejisajili na GS1 Tanzania, wanaotoa namba za misimbo milia. Mchele wenyewe unaweza kuwa umelimwa kokote.

Si mnamaliza umeme?

Hilo ni la Bitcoin, ambako kompyuta nyingi zinashindana kupata haki ya kuandika bloki inayofuata. Mifumo ya wanachama haishindanishi kompyuta. Hata Ethereum, blokicheni nyingine kubwa yenye sarafu, iliachana na mashindano hayo Septemba 2022, matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Gharama ni kiasi gani?

Inategemea una vituo vingapi ambapo mzigo unabadilisha mikono. Programu ndiyo sehemu rahisi. Sisi pesa ilikwenda kwenye mizani, lakiri, vipimo vya unyevu, bando, na mishahara ya makarani wenye moyo wa kupima gunia la mia mbili kwa uangalifu uleule wa gunia la kwanza. Mwuza mfumo akikupa bei isiyotaja karani, bado hajakupa bei.

Nataka kuanza. Nianzie wapi?

Usianze na blokicheni. Nunua mzani, weka namba ya bechi kwenye kila mfuko, na kwa mwezi mmoja kila anayepokea aandike kwenye daftari la kawaida: kutoka kwa nani, kilo ngapi, saa ngapi, gunia limefunguliwa au halijafunguliwa.

Mwezi ukiisha, nenda dukani kama mteja. Chukua pakiti yako moja pale kwenye rafu, usiichague, na umwambie msaidizi wako akuonyeshe kwa maandishi imetoka kwa mkulima yupi, kupitia mikono ipi. Mpe saa moja. Kisha mgeuzie swali: kama bechi hiyo ingekuwa na sumukuvu, pakiti nyingine ziko maduka gani sasa hivi? Sisi mara ya kwanza tulikwama mashineni, mahali ambapo mpunga wa watu sita ulikuwa umekobolewa mchana mmoja bila mtu kuandika nani alitangulia. Tulirudi tukaweka ubao na chaki pale mashineni. Mtu wa programu tulimpigia simu miezi minne baadaye.